Shibiri Moja ya Udongo

Nilipofika msibani sikujua nikae wapi. Sikuwa ndugu, sikuwa jirani, sikuwa mwanakwaya, na kwa urefu wangu huu siwezi kujibanza pembeni nisionekane. Wanaume walikuwa chini ya turubai kwenye viti vya kukodi, kwaya iko upande wake, na wanawake wa nyumbani walipita na masufuria wakiongea Chasu, lugha ambayo mpaka leo naielewa kwa kudokoadokoa. Habari ya kifo cha Nakijwa niliipata kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma chuo kimoja, kundi ambalo siku zote kazi yake ni kutakiana Jumapili njema na kutumiana picha za maua. Nikaiacha shule yangu mikononi mwa makamu, nikapanda basi mpaka Same, na kutoka Same nikapanda pikapu ya milimani, nimekaa mbele kwa dereva kama mke wa mchungaji, kwa sababu magoti yangu hayataki tena kukunjwa nyuma kwenye mizigo. Njia nzima nilijiuliza nakwenda kufanya nini. Marehemu na mimi tuliishi chumba kimoja mwaka mmoja tu, na miezi ya mwisho ya mwaka huo hatukusemezana ila salamu.

Mama mmoja aliyekuwa akigawa visu alinitazama kuanzia viatu mpaka kilemba, akauliza, “Wewe si yule Zubeda wa kikapu?” Nikasema ndiye. “Basi pita jikoni, ndizi zipo nyingi.” Nilishukuru kupewa kazi. Nilikaa kwenye kigoda kati ya wanawake watano, beseni mbele yangu, nikaanza kumenya, na utomvu ukaanza kunishika vidoleni. Yule Zubeda wa kikapu. Nimekuwa mwalimu miaka mingi, nimekuwa mke, mama, mkuu wa shule, nimekwenda Makka, lakini kwenye mlima ule ningali msichana aliyecheza mchezo mmoja na kushindwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Chuo chetu cha ualimu kilikuwa juu kabisa, mahali ambapo ukungu huingia asubuhi bila kubisha hodi na kuondoka saa nne ukipenda. Mimi nilitoka Kileo, tambarare, kwenye joto na mbu, nikafika na shuka mbili nyembamba na kiburi cha kufaulu. Chumba namba tatu kilikuwa na vitanda vitatu vya dabodeka, na kwa kuwa nilifika wa mwisho nilipewa cha juu karibu na dirisha, ambalo kioo chake kilichovunjika kilizibwa kwa boksi la sabuni. Miguu yangu ilitokeza nje ya kitanda. Chini yangu alilala Nakijwa, mwanafunzi wa mwaka wa pili, nahodha wa timu ya kikapu ya wasichana, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyekua akipanda milima na mizigo ya tangawizi. Siku ya kwanza alinipa blanketi lake moja bila kuombwa. Naliandika hili mapema ili mtu asije akadhani niliishi na watu wabaya.

Hawakuwa wabaya hata kidogo. Walikuwa kwao, basi. Wote watano walikuwa watoto wa milimani, na jioni walipokaa vitandani kuichambua siku yao walizungumza Chasu kama mtu anavyovua viatu akifika nyumbani. Nakijwa alikuwa akinikumbuka, anageuka, ananifupishia: “Tunasema mwalimu wa saikolojia kavaa soksi mbili tofauti.” Wakati huo kicheko kilikuwa kimeshapita. Nacheka peke yangu, kwa kuchelewa, kwa adabu. Mara nyingine nilisikia jina langu katikati ya maneno nisiyoyajua, Zubeda, kisha sauti ikaendelea zake, nami nikabaki juu kule nikijiuliza limetajwa kwa wema au kwa ubaya. Siku hizi nikimwona darasani kwangu mtoto mgeni anayecheka baada ya wenzake, namtambua papo hapo. Huwa sijui nimwambie nini, lakini namtambua.

Jumapili zilikuwa ngumu zaidi. Bweni zima lilishuka kanisani, na mimi, msichana Mwislamu pekee mle ndani, nilibaki na vitanda. Nyimbo zilinifikia kutoka bondeni, za sauti nne, nzuri mno, na uzuri wake ndio ulionichoma, kwa sababu niliwajua waliokuwa wakiimba na nilijua hakuna anayenikosa katika sauti zile. Nilifua hata nguo ambazo hazikuwa chafu. Zilipokwisha za kufua, nikachukua mpira kwenye stoo ya michezo, nikaenda uwanjani.

Uwanja, kwa hisani ya aliyeuita hivyo, ulikuwa kipande cha ardhi kilichoinamia bondeni, chenye goli moja. Goli la pili lilianguka kabla sijafika na nguzo yake ikaishia kuwa kichanja cha vyombo jikoni. Lile lililobaki lilikuwa upande wa chini, nguzo ya chuma, ubao wa mbao za mkaratusi, na ringi ya nondo iliyokunjwa na fundi wa kuchomelea huko Same. Ukikosa, mpira unateremka mpaka kwenye mashamba ya tangawizi, nawe unaufuata ukiwaomba radhi wenye shamba. Mwalimu wetu wa timu, Mwalimu Mchome, alifundisha jiografia, na kikapu alikijua kutoka kwenye kijitabu kilichopoteza majalada yote mawili. Alinichagua siku ya kujiandikisha, kwenye foleni. “Umewahi kucheza kikapu?” Nikasema hapana. “Utacheza,” akasema, akaandika jina langu kabla sijamtajia la baba.

Nilicheza. Uwanjani hakukuwa na Chasu. Kulikuwa na lete, nyuma yako, rusha. Kwa saa moja na nusu kila jioni nilielewa kila neno lililosemwa, na mtu akiita Zubeda nilijua anataka mpira. Kazi ya kwanza niliyopewa na Mwalimu ilikuwa kufunga wavu wa kamba za katani, kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyefikia. Walileta meza ya darasani, nikapanda, na hata hapo ilinilazimu kusimama kwa ncha za vidole vya miguu, mikono imenyooka, ndipo kucha zikaigusa ringi. Nakijwa aliishika meza isitikisike. Ikawa desturi yake pia, Jumapili baada ya ibada, kupanda uwanjani akiwa bado na gauni lake la kanisani, akikaa kwenye jiwe na kunihesabia. “Saba kwa kumi,” anasema. “Wiki ijayo nane.” Hatukuongea sana. Lakini wiki nzima niliingoja ile nusu saa.

Mwezi wa tano tulishuka Mwanga kucheza na chuo kingine katika mashindano ya vyuo, na tukashinda, jambo ambalo hata sisi hatukulitegemea. Walikuwa wameshajiandaa kutufunga, nadhani, wakasahau kujiandaa kucheza. Ushindi ule ukatuingiza kwenye raundi ya pili, itakayochezwa Same baada ya mwezi mmoja, na mpinzani wetu akawa chuo kikubwa cha mjini ambacho jina lake sitalitaja. Itoshe kusema walikuwa na uwanja wa saruji, basi lao wenyewe, na kwamba hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho waliposhindwa. Mkuu wa chuo alitupongeza mstarini kama mtu anayeaga wagonjwa. “Nendeni mkajifunze,” alisema.

Kijiji kilisikia tofauti. Watu wa pale walikuwa hawajawahi kuona mabinti zao wakishinda kitu Mwanga, na Mzee Mbwambo, balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa na binti wa ndugu yake kwenye timu, akatangaza msaragambo. Msaragambo kwa Wapare ni kazi ya pamoja isiyo na mjadala: mbiu inalia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyefika anajulikana. Kwa njia hiyo wamechimba mifereji na barabara na kubeba matofali ya shule. Sasa walitaka kutusawazishia uwanja, ili watoto wao wasikimbilie mpira mashambani.

Walikuja Jumamosi, pengine watu themanini. Walikata udongo upande wa juu, wakaubeba kwa karai na magunia mpaka upande wa chini, kwenye goli letu, wakaumwaga, wakaushindilia kwa magogo, wanawake wakiimba na wanaume wakidai kwamba wanapumzika kwa sababu ya kupima. Balozi alipima usawa kwa mpira mwembamba uliojaa maji, jicho moja limefumbwa, na uwanja ukanyooka kweli, sijapata kuona kazi safi kama ile. Mwalimu Mchome hakuwepo. Alikuwa na semina Moshi. Mimi nilibeba karai tangu asubuhi. Kichwani mwangu udongo wa Upare ulikaa kama kichwani mwa mtu mwingine yeyote.

Saa nane tulikula makande, yamepikwa kwenye pipa, tumeketi chini kwenye majani ya migomba. Balozi alipita akikagua nani anakula nini, akasimama mbele yangu. “Huyu mrefu ni wa nani?” aliuliza kwa Kiswahili, ili nielewe, au ili nijibu. Kabla sijafungua mdomo, bibi mmoja aliyekuwa akipakua, ambaye jina lake sikulijua wakati ule wala baadaye, akasema bila hata kuinua macho, “Huyo ni wetu,” akaniongezea upawa mmoja. Nilikula yale makande mpaka punje ya mwisho. Nimeambiwa maneno mazuri zaidi maishani, mengine na mwanamume niliyempenda, na hakuna hata moja lililoniingia kama lile.

Baada ya chakula Balozi alitaka wavu mpya ufungwe, watu waione kazi imekamilika. Ikaletwa meza ile ile. Nikapanda, nikanyoosha mikono, na ringi ikanijia viganjani. Sikusimama kwa vidole. Viwiko vyangu vilikuwa vimekunjwa. Nilibaki hapo juu na kamba mkononi, nikatazama chini kwenye nguzo, nikaona udongo ulivyoipanda. Goli halikusogea, ardhi ndiyo iliyoinuka. Watu themanini walikuwa wamelifupisha goli letu kwa shibiri nzima, kwa upendo, na hakuna aliyejua isipokuwa msichana mmoja aliyesimama juu ya meza. Chini yangu watu walikuwa wakifuta majembe kwa majani. Balozi akapaza sauti, “Vipi huko juu, kuna kasoro?” Mtu mmoja akacheka, akasema anayekosoa msaragambo huachiwa jembe aendelee peke yake, na wote wakacheka. Nami safari hii nilicheka pamoja nao, kwa wakati. “Sawa tu, Mzee,” nikasema.

Neno hilo nimelitafuna miaka yote hii. Sikulisema kwa woga wa Balozi, maana alikuwa mtu mpole, angekuna kichwa na kuita watu watano na machepe. Nililisema kwa sababu nilikuwa nimekuwa wao kwa muda wa sahani moja ya makande, na nikaona kwamba neno la kwanza la huyo wao mpya litakuwa kuwaambia wameharibu. Nilijiambia nitamwambia Mwalimu Jumatatu. Jumatatu Mwalimu alirudi, akaona uwanja, akatoka machozi, na jioni ile tulipofanya mazoezi mipira ikaanza kuingia. Ilichukua siku tatu mikono yetu kuzoea, kisha ikawa kama mvua. Nakijwa aliyekuwa akitia tano kwa kumi akawa anatia nane. Nilipokwenda ofisini kwa Mwalimu, Alhamisi, nimeshapanga maneno yangu, alinikaribisha kwa furaha na kunifungulia daftari lake la rekodi. “Zubeda, tazama,” alisema. “Miaka sita nafundisha huu mchezo. Leo ndiyo naona kumbe najua kufundisha.” Nikamwambia nimekuja kuazima atlasi.

Kwa wiki tatu niliomba mvua ishuke iuchukue ule udongo. Mvua haikunyesha. Huko chumbani mambo yalikuwa yamebadilika kiasi cha kunifanya nishindwe hata kujichukia vizuri. Walikuwa wameanza kuzungumza Kiswahili nikiwepo, si muda wote, lakini hadithi ikiwa ya kuchekesha walianza nayo kwa Kiswahili. Waliniita Zube. Nakijwa alinifundisha kuhesabu mpaka kumi kwa Chasu ili tuhesabu mitupo, na bweni zima likacheka ulimi wangu. Kila siku nilisema nitasema kesho, na kila siku kulikuwa na kitu kipya cha kupoteza. Nilikuwa mpweke zaidi wiki zile kuliko Jumapili zote za kwanza, maana sasa nilikaa katikati ya watu wanaonipenda na kuwaza kwamba wangejua wasingenipenda.

Tulishuka Same kwa lori la tangawizi. Pancha ya njiani ilituchelewesha, tukafika uwanjani refa ameshapuliza filimbi ya kutuita mara mbili, bila nafasi ya kupasha misuli wala ya kurusha hata mpira mmoja. Joto la Same lilitupiga usoni, na upepo wake wenye vumbi. Wale wasichana wa mjini walikuwa wamekaa kwenye benchi wakinywa maji ya chupa, viatu vyao vya rangi moja, na mmoja wao alipiga miayo akitutazama. Sikumlaumu. Jezi zetu zilikuwa fulana za mchakamchaka zilizoandikwa namba kwa rangi ya kupaka milango.

Kilichofuata ni rahisi kukisimulia. Tulipata mipira, tulikimbia, tuliwazuia kuliko walivyotegemea, na kila tulichorusha kiligonga mbele ya ringi na kurudi. Kila kimoja, mahali pale pale, kama kuna mkono. Mwalimu alipiga kelele, “Tulieni, tulieni jamani,” akidhani ni hofu. Mimi mwenyewe nilijua, na mikono yangu ilikataa kusahihisha; wiki tatu zilikuwa zimeshaingia kwenye misuli. Watazamaji walianza kucheka kila tukirusha. Kipindi cha kwanza kilikwisha wao wana ishirini na moja, sisi tano.

Tulikaa chini kwenye kivuli cha ukuta. Nakijwa alikuwa ameweka mikono yake magotini, viganja juu, anaitazama kama vitu alivyoazimwa. “Ni mimi,” alisema kwa Kiswahili. “Jamani mnisamehe. Ni mimi ninayewaangusha. Mwalimu, nitoe.” Alikuwa akilia bila sauti, nahodha yule, aliyeishika miguu ya meza nisianguke. Moyo wangu haukuweza tena. Lakini hata hapo, naona aibu kusema, sikuutoa ukweli wote. Nilisema tu, “Rusheni juu zaidi. Jifanyeni kuna ringi nyingine juu ya ile, mlenge hiyo.”

“Juu kiasi gani?” aliuliza Nakijwa.

“Shibiri moja.”

Aliinua macho akanitazama. Mtu anayekisia husema kidogo, au kiasi. Yeye aliyenihesabia mitupo Jumapili nzima nzima alijua kwamba mimi si mtu wa kusema kitu nisichokipima. Hakuuliza zaidi. Alisimama, akafuta uso kwa fulana, akawaambia wenzake kwa Chasu, na neno la shibiri nikalitambua kwa kidole gumba na cha mwisho alivyovitanua hewani.

Wale wa mjini hawakupiga miayo tena. Mitupo miwili ya kwanza ilipita juu mno, wa tatu ukaingia, na baada ya hapo mikono ikaanza kukumbuka. Nakijwa peke yake alitia mitano. Nilichukua kila mpira uliorudi, nikarusha nilivyoweza, nikasukumwa, nikaanguka kwenye saruji na kuchunika kiwiko, kovu ninalo. Watu wa sokoni walikuja kusimama kwenye uzio. Kocha wao alivua koti. Tulipunguza, tukapunguza, na filimbi ya mwisho ikalia wao thelathini na nane, sisi thelathini na tano. Watazamaji walitushangilia sisi. Wenzangu walikumbatiana kama walioshinda, na Mwalimu Mchome alimkumbatia kila mtu mara mbili, pamoja na dereva wa lori. Mimi nilikuwa nahesabu. Pointi tatu. Ningesema kabla ya mpira wa kwanza, ningesema Alhamisi ile ofisini, ningesema juu ya meza.

Kwenye lori Nakijwa alikaa karibu nami. Wengine waliimba. Alingoja mpaka tumeanza kupanda, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Ulijuaje kwamba ni shibiri?”

“Nilikisia tu,” nikasema.

Alitikisa kichwa kukubali, taratibu, akageukia upande wa bonde. Kesho yake, Jumapili, hakupanda uwanjani baada ya ibada. Balozi ndiye aliyekuja jioni kutupongeza, akamkuta yeye nje ya bweni na mimi nikiwa dirishani. “Shikamoo Balozi,” alisema. “Marahaba mwanangu. Ule uwanja ulisaidia?” Nilimwona Nakijwa akitazama kuelekea uwanjani. “Ulisaidia sana, Balozi,” alijibu. Yule mzee aliondoka anatembea kwa furaha, na mimi nikashuka dirishani nikiwa na hakika kwamba dunia nzima hakuna anayejua ila mimi.

Tangu siku hiyo Nakijwa alinikwepa. Si kwa ugomvi. Alinisalimia, aliniachia maji ya moto, blanketi lake lilibaki kwangu. Lakini macho yake hayakutulia usoni pangu, na nikiingia chumbani alipata sababu ya kutoka. Nililielewa hilo kwa namna moja tu: amehisi kuwa nilimdanganya kwenye lori, na ana hasira. Nikaikubali kama adhabu ninayostahili, nikarudi kwenye ukimya wangu, nikajifunza kusoma nimelalia upande wa ukuta. Wenzetu walirudi kuzungumza Chasu, pengine bila kujua. Alimaliza chuo mwezi wa kumi na moja, akapangiwa shule ya mbali, na tangu hapo tulichopeana ni salamu za sikukuu. Mara moja, miaka kumi na kitu iliyopita, nilimpigia nimeshaamua kusema. Alipokea, tukaulizana watoto, hali ya hewa, mishahara, tukaagana.

Beseni langu lilikuwa limefika nusu pale msichana wa miaka kama ishirini na mitano, kilemba cheusi, alipochuchumaa mbele yangu. “Shikamoo mama mdogo,” alisema. “Mimi ni Upendo. Mtoto wake wa kwanza.” Nikamwitikia marahaba, nikampa pole. Alikuwa na mabega yale yale.

“Mama alikuwa anatuhadithia ule mchezo,” alisema. “Sisi tumeujua kama Baba Yetu uliye mbinguni.”

Nikaona hapo hapo kwamba nisiposema leo sitasema tena. Nikamwambia, mbele ya wale wanawake watano na visu vyao, kwamba hadithi aliyoambiwa haikukamilika. Nikamwambia habari ya meza, viwiko, na lile neno nililomjibu Balozi. Nikamwambia kwamba mama yake aliwaomba radhi wenzake kwa kosa langu, na kwamba mama yake alikuwa na haki ya kunikasirikia mpaka kufa. Wanawake waliacha kumenya.

Upendo alinisikiliza mpaka mwisho bila kushangaa. “Alijua,” alisema. “Kesho yake kabla ya kanisa alikwenda uwanjani na kamba, akapima urefu wa goli mwenyewe. Wakati Balozi anamuuliza alikuwa ameshapima.”

“Basi ndiyo maana alinichukia.”

“Hakukuchukia, mama mdogo. Alikuwa anaona aibu.” Alitazama chini, akatafuta maneno ya mama yake kwa uangalifu, kama anayetafsiri. “Alikuwa akifika hapo kwenye hadithi anasema hivi: Huyu mtoto alikaa na jambo zito wiki tatu, yuko katikati yetu, analala juu ya kitanda changu, na hakuona hata mmoja wetu wa kumwambia. Tulimfanyia nini hata akatuogopa hivyo? Anasema alitaka kukuuliza, akaogopa jibu.”

Nilitaka kumwambia haikuwa hivyo. Nilitaka kumwambia kwamba mama yake alinipa blanketi siku ya kwanza, kwamba kosa lilikuwa langu tu, kwamba hakuna aliyenifanyia kitu. Nilifungua mdomo nikaona kwamba ilikuwa hivyo, na kwamba sisi wawili tuliishi miezi mitano, kitanda juu ya kitanda, kila mmoja akimwonea mwenzake aibu. Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu nilipofika. Mwanamke aliyekuwa kulia kwangu alinitoa kisu mkononi, akalivuta beseni langu kwake, akaendelea kumenya ndizi zilizobaki.